Miwani ya VR na mteremko wa Kitonga: wapi inafaa, wapi ni mbwembwe

Weka miwani ya VR kwenye banda lolote la Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na foleni utaiona. Mtu anafungwa lile dude usoni, anaanza kupapasa hewa, anapiga yowe, waliomzunguka wanaangua kicheko na kumrekodi kwa simu. Dakika tatu baadaye anavua, anasema "hii kitu noma", kisha anaelekea banda la mbegu za viazi. Kwa watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini, uhalisia pepe, yaani VR, umeanzia hapo na kuishia hapo.

Swali la maana linakuja baada ya kuvua. Kifaa hiki kinafaa kazi gani, na nani alipie? Muuzaji atakwambia kinafaa kila kitu. Anayekidharau atakwambia ni michezo ya watoto. Wote wawili wamekimbilia jibu kabla ya kuangalia kifaa chenyewe kinafanya nini kwa macho na ubongo wa anayekivaa.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mtaani yote yanaitwa VR. La kwanza ni video ya nyuzi 360. Kamera imerekodi pande zote kwa pamoja, kwa hiyo ukigeuza kichwa unaona kilichopo nyuma yako. Lakini ukipiga hatua kwenda mbele hukisogelei chochote, maana unaona tu kile kamera ilichokiona pale iliposimamishwa. La pili ni uhalisia pepe kamili: mazingira yaliyotengenezwa na kompyuta, ambamo unaweza kuinama ukachungulia uvunguni mwa meza, ukashika nyundo, ukazunguka nyuma ya nyumba. La tatu ni uhalisia ulioongezwa. Hapo bado unaona chumba chako mwenyewe, ila juu yake vinapachikwa vitu ambavyo havipo, tuseme injini inayoelea mezani huku kila sehemu ikiwa na jina lake.

Miwani mipya inafanya yote matatu, ndiyo maana watu wanachanganya. Mwenye mfuko anatakiwa asichanganye. Video ya nyuzi 360 inaweza kupigwa na kijana mmoja mwenye kamera moja kwa siku moja. Mazingira kamili ya kompyuta yanahitaji waandishi wa programu na wachoraji wa vitu vya pande tatu, na kazi yao ni ya miezi. Halmashauri au chuo kinachosema "tunataka VR" bila kutaja ni ipi kati ya hizi kinajiandalia ankara ya kushtua.

Kinachotokea ndani ya miwani

Nusu ya ujanja huu ni ya zamani sana. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alionesha kwamba ukilipatia kila jicho picha yake, zikiwa zimetofautiana kidogo, ubongo unaziunganisha na kuona kina. Macho ya mtu mzima yameachana kwa takriban milimita 63, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotuwezesha kujua kikombe kiko karibu kuliko birika. Miwani ya VR inatoa picha mbili, moja kwa kila jicho. Lenzi zake zinakifanya kioo kilicho sentimita chache kutoka usoni kionekane kama kiko mita kadhaa mbele.

Nusu ngumu ni kichwa chako. Kila ukikigeuza, picha lazima igeuke nacho. Ndani ya miwani kuna gairoskopu inayopima mzunguko na sensa nyingine inayopima mwendo, na kwenye miwani ya siku hizi kuna kamera zinazotazama kona za chumba na kukokotoa umesimama wapi. Tangu shingo isogee hadi picha mpya ifike jichoni, wahandisi wanalenga isizidi takriban milisekunde 20. Ikichelewa zaidi ya hapo, ubongo unashtukia kuna udanganyifu.

Na ubongo ukishtukia, tumbo linalipa. Abiria wa basi anayeshuka mteremko wa Kitonga, Iringa, macho yakiwa kwenye simu anaijua adhabu hii: sikio la ndani linahisi kila kona, macho yanaona kioo kimetulia, na kabla ya kufika bonde la Ruaha Mbuyuni ameshaomba mfuko. VR inaleta ugomvi uleule kwa upande wa pili. Macho yanaona unakimbia, sikio linasema umekaa kwenye kiti cha plastiki. Ndiyo maana programu zilizotengenezwa kwa busara hazikutembezi ovyo. Zinakuacha utembee kwa miguu yako ndani ya eneo dogo, au zinakuhamisha ghafla kutoka sehemu hadi sehemu. Mabanda ya maonesho mara nyingi hufanya kinyume. Yanampandisha mgeni treni ya kupaa na kuporomoka kwa sababu inapigisha kelele, naye anaondoka akiamini VR yote inatapisha.

Kuna kero nyingine ambayo haijaisha. Macho yako yanalengana kana kwamba kitu kiko karibu, lakini lenzi ya jicho inabaki imejipanga kwa umbali mmoja tu ambao miwani imeuweka. Hiyo inachosha macho, na kupunguza dakika za kuvaa kunasaidia kuliko kubadilisha chapa.

Safari ndefu ya kupunguza uzito

Miwani ya kwanza yenye kufuata mwendo wa kichwa ilitengenezwa mwaka 1968 na Ivan Sutherland nchini Marekani. Ilikuwa nzito kiasi kwamba ilining'inizwa kutoka darini, na picha zake zilikuwa mistari mitupu. Miaka ya 1980 Jaron Lanier na kampuni yake ya VPL waliuza miwani na glovu kwa maabara tajiri. Mwaka 1995 Nintendo walijaribu kuifikisha sebuleni kwa Virtual Boy, kifaa kilichoonesha rangi nyekundu peke yake, na ndani ya mwaka mmoja hivi wakakiacha.

Kilichokuja kuokoa jahazi ni simu ya mkononi. Viwanda vilipoanza kutengeneza vioo vidogo vyenye ung'avu, gairoskopu za bei chee na betri nyembamba kwa mamilioni ya simu, vipuri vya VR vikawa vinapatikana madukani. Mwaka 2012 kijana Palmer Luckey alichangisha dola milioni 2.4 mtandaoni kwa ajili ya miwani ya Oculus, na mwaka 2014 Facebook wakatangaza kuinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2. Toleo lake la kwanza kwa watengeneza programu lililipa kila jicho pikseli (nukta zinazounda picha) 640 kwa 800. Quest 3 ya mwaka 2023 inalipa kila jicho 2064 kwa 2208, ina uzito wa gramu 515 na haihitaji waya wala kompyuta pembeni. Kampuni ndiyo ileile, siku hizi inaitwa Meta. (Wa Mbeya watanisamehe, siyo Meta yetu, hospitali ya wazazi.)

Bado hatujafika. Jicho lenye afya linaweza kutofautisha pikseli zipatazo 60 katika kila nyuzi moja ya upeo wake. Quest 3 inatoa kama 25. Maandishi madogo yanasumbua, na hapo ndipo ndoto ya kuhamishia ofisi nzima ndani ya miwani ilipokwama. Mwaka 2021 Facebook ilibadilisha jina kwa ajili ya ndoto hiyo, na kitengo chake cha miwani kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 17 kwa mwaka 2024 pekee. Apple nao walileta Vision Pro mwaka huohuo kwa dola 3,499, kifaa kizuri mno ambacho watu wengi walikijaribu dukani na kukirudisha mezani. Mkutano wa kikazi unaowezekana kwa simu hauboreki kwa kuvalishana madude usoni.

Kipimo cha kuamulia

Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye ametafiti VR kwa miongo kadhaa, ana kipimo ambacho mimi sijaona bora kuliko hicho. Anasema itumie kwa jambo ambalo likifanywa kweli ni la hatari, au haliwezekani, au lina madhara, au ni la gharama kubwa. Nje ya hapo, video ya kawaida inatosha. Ukichukua kipimo hicho na kuzunguka nacho kutoka Iringa hadi Tunduma, jambo la kwanza litakalojitokeza ni barabara, siyo utalii wala michezo.

Barabara kuu ya kwenda Zambia inapanda na kushuka Kitonga upande wa Iringa, na Mbeya ina mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi. Lori lililobeba shaba kutoka Kongo likishuka Kitonga, mzigo wote unasukuma mbele. Dereva akitegemea breki za miguu peke yake, ngoma zinapata moto na nguvu ya kushika inapungua; akizidi kukanyaga, moto unazidi. Kinachomsaidia ni uamuzi alioufanya juu kabisa kabla ya mteremko: gia nzito, breki ya egzosi, mwendo wa taratibu. Aliyeachia gari fri ili aokoe mafuta anaweza asipate nafasi ya kurudisha gia.

Sasa mfikirie utingo anayejifunza kuwa dereva. Somo hili la breki zinazochemka atalifanyia mazoezi wapi? Darasani anachorewa ubaoni. Barabarani mwalimu mwenye akili timamu hamruhusu afike hatua ya breki kugoma. Ndani ya miwani anaweza kukosea kwenye gia, akasikia injini inabadilika sauti, akaona kona ya tatu inakuja na breki hazishiki, na somo likaanza upya. Marubani wamefundishwa hivi tangu Mmarekani Edwin Link alipotengeneza chombo chake cha mazoezi mwaka 1929, na hakuna anayekiita mchezo.

Mipaka ipo. Miwani haikusukumi mgongoni wala haikupi uzito wa klachi. Kwa hilo unahitaji kiti chenye usukani na pedali, na viti vya kisasa vinavyotikisika bei yake inazidi miwani mara nyingi. Lakini sehemu kubwa ya somo la Kitonga ni ya macho na maamuzi, wapi pa kupunguza, gia ipi, lini. Hiyo VR inaiweza.

Kipimo hichohicho kinapita kwa mwendesha msumeno wa mnyororo kwenye misitu ya Sao Hill, ambako mti ukikatwa vibaya unaweza kumwangukia aliyeukata, na kwa mchimbaji mdogo wa Chunya anayepaswa kujua njia ya kutokea shimoni moshi ukitanda. Kwa mkulima wa parachichi Njombe sioni hoja. Kupogoa kunafundishwa chini ya mti wenyewe, na mti upo.

Hospitalini

Hapa ndipo ushahidi ulipo mwingi kuliko kwingine. Hunter Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza mazingira ya theluji kwa wagonjwa walioungua. Wakati muuguzi anasafisha kidonda, mgonjwa yuko ndani ya korongo la barafu akirusha mabonge ya theluji. Maumivu yanahitaji umakini wa ubongo ili yaumie. Umakini ukichukuliwa na kitu kingine, yanapungua. Wagonjwa waliripoti maumivu madogo zaidi, na picha za ubongo zilionesha shughuli kupungua kwenye maeneo yanayohusika na maumivu. Dawa za maumivu ziliendelea kutolewa. Miwani iliongezwa juu yake, haikuzibadili.

Mtoto aliyeangukia sufuria ya maji ya moto, kwenye baridi ya Juni ambapo familia nzima imezunguka jiko, anabadilishiwa bendeji mara nyingi, na kila mara ni kilio. Kifaa kimoja wodini kingefanya kazi hiyo kila siku bila intaneti, programu ikishapakuliwa. Na mtoto wa Makete, anayeijua barafu ya asubuhi kwenye majani, hatashangazwa sana na lile korongo.

Kwenye upasuaji, utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia madaktari 16 waliokuwa mafunzoni. Waliofanyia mazoezi kwenye kompyuta walitenganisha kifuko cha nyongo kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na wasiofanya mazoezi hayo walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kukijeruhi au kuunguza sehemu isiyohusika. Wengi wanaonukuu utafiti huu wanasahau kwamba walitumia skrini ya kawaida, hawakuvaa miwani. Kilichofundisha ni kurudia na kupimwa.

Karibu na kwetu zaidi, mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Eric Bing, Groesbeck Parham na wenzao uliohusisha madaktari wa Zambia: walitumia miwani ya bei nafuu kujifunza hatua za upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na madaktari bingwa wa upasuaji huo ni wachache. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inahudumia mikoa kadhaa. Kama kuna taasisi moja hapa ambayo ningependa iwe na kabati la miwani, ni hiyo.

Shuleni, taratibu

Wazo la kawaida ni kwamba shule ya kata isiyo na maabara ipewe VR. Linasikika vizuri kwenye hotuba. Lakini Guido Makransky na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti wa wanafunzi 52 wa chuo kikuu waliofanya jaribio la maabara pepe, kwa miwani na kwa skrini ya kawaida. Wenye miwani walijihisi wapo ndani ya maabara zaidi, lakini walijifunza machache kuliko wa skrini. Ubongo ulielemewa na maajabu yaliyowazunguka.

Shule ya Rungwe yenye milioni kadhaa za kuchagua kati ya miwani kumi na vifaa halisi vya kemia inunue bika za vipimo, asidi na maji ya bomba. Mtihani wa taifa wa vitendo unafanywa kwa mikono. Miwani iachwe kwa yasiyoingia darasani: kuingia ndani ya seli, kusimama kwenye ukingo wa Ziwa Ngozi bila kupanda mlima, kuona jinsi bonde la ufa lilivyopasuka.

Kalenga na Isimila

Kuna jambo moja ambalo haliwezekani kabisa bila kompyuta, nalo ni kuiona ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga. Wajerumani waliiteka Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894 na kuta zake zikabomolewa. Mgeni wa leo anaona makumbusho, fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, na mabaki machache. Ukuta wenyewe, malango, nyumba, umati wa watu waliojificha ndani siku mizinga ilipoanza kulia, vyote inabidi avifikirie mwenyewe.

Kuvijenga upya kwa kompyuta kunawezekana, na ndipo tahadhari inapohitajika. Mchoro wa karatasi unajionesha kuwa ni mchoro. Ukisimama ndani ya ngome pepe, ukaona kivuli chako ukutani, utaamini kila jiwe, hata lile ambalo msanii alilibuni kwa sababu hakukuwa na ushahidi. Kazi ya namna hii ingefaa iwe na alama: sehemu zenye ushahidi ziwe na rangi kamili, za kukisia ziwe kama moshi. Na isimulizwe na wazee wa Kihehe, maana maelezo mengi yaliyoandikwa wakati ule yaliandikwa na waliobomoa.

Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, ni kisa tofauti. Kule vitu bado vipo: nguzo za udongo, na zana za mawe zilizochimbwa na F. Clark Howell miaka ya 1950. Mvua inazila nguzo hizo mwaka hadi mwaka. Kupima eneo kwa leza kunahifadhi umbo lake la leo hadi kwenye nyufa, na kumbukumbu hiyohiyo ndiyo malighafi ya ziara pepe. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulishafanya hivyo kwenye magofu ya Kilwa, kwa hiyo hili halihitaji kubuniwa upya.

Kabla hujatoa pesa

Quest 3S ilitoka mwaka 2024 kwa dola 299, ambayo ni takriban shilingi 750,000 kabla ya usafiri na kodi. Ukiambiwa utumie simu ndani ya boksi la karatasi ngumu au plastiki, ipime kwanza. Fungua video ya nyuzi 360, zungusha simu. Picha isipozunguka, simu haina gairoskopu, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Kuiwasha miwani mara ya kwanza kunahitaji akaunti na Wi-Fi, na programu moja inaweza kula gigabaiti kadhaa, kwa hiyo ifanyie kazi hiyo chuoni na siyo kwa bando la siku. Betri inakaa saa mbili hivi, na umeme ukikatika katikati ya mafunzo hakuna cha ziada.

Lenzi zinapata ukungu zikiguswa na uso wenye joto kwenye chumba cha baridi. Uyole au Mafinga mwezi Julai, ziwekwe mahali penye uvuguvugu kwanza. Mikanda ilibuniwa kwa vichwa vyenye nywele fupi, mwenye rasta au kilemba atahangaika, kwa hiyo tafuta mkanda unaopita nyuma peke yake. Darasa likivaa miwani moja, sponji ya usoni iwe ya plastiki na ipanguswe kila mara. Waliouona mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu wa Januari 2024 hawahitaji maelezo. Kwa watoto, Meta wenyewe wameweka umri wa chini kuwa miaka 10, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi.

Kwa somo la Kitonga hakuna haja ya kusubiri mazingira kamili ya kompyuta. Kamera ya nyuzi 360 ifungwe ndani ya kebini, dereva mzoefu ashushe lori huku akitaja kila gia na sababu yake, na mwalimu asimamishe video kabla ya kila kona na kumuuliza mwanafunzi angefanya nini. Chuo kikiona wanafunzi wanajibu vizuri zaidi kuliko waliofundishwa ubaoni, ndipo kianze kuulizia bei ya kiti, usukani na pedali.